Samaki Wasio na Rangi na Posa ya Mwanangu

Waliomtia doa mwanangu katika posa yake ni watatu, na wote wazima, wanakula na kulala vizuri. Majina yao siandiki kwa sababu mwanangu kaniomba, na mtoto akikuomba kwa macho yale huwezi kumkatalia. Lakini nitasema nani kafanya nini. Wakisoma watajijua, na wasiposoma watasomewa.

Wa kwanza ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Wa pili ni shangazi wa kijana aliyemposa mwanangu. Wa tatu ni mtaalamu wa samaki, mtu mpole, mwenye adabu, anayenisalimia kila asubuhi. Huyo ndiye aliyeniuma zaidi, kwa sababu nilimwamini.

Mimi ni mtu wa visiwani, wa mtaa wa Ng'ambo. Skuli sikufika mbali. Najua kusoma, najua kuandika, basi. Kwa miaka mingi nilikuwa nakaanga samaki mbele ya nyumba yetu jioni: changu, vibua, na siku za neema vipande vya nguru. Watu walinijua kwa ukwaju na pilipili niliyokuwa nawapaka kabla ya kuwatia karaini. Halafu kikatokea kidoa cheupe kwenye kidole changu, kidogo kama punje ya mtama. Nikadhani mafuta yameniunguza. Kidoa kikapata mwenzake, vikakutana, mkono ukaanza kuwa kama ukuta unaobanduka rangi. Weupe ukapanda vidole vyote, ukaruka ukatua mdomoni, ukazunguka jicho moja.

Hospitali waliniambia ni mbalanga. Haiumi, haiui, haiambukizi, na dawa yake haina uhakika. Mtaani walisema barasi, na mtu wa mtaani akisema barasi hapo hapo anafikiria ukoma. Wateja wangu hawakunitukana. Bora wangenitukana, ningepata la kujibu. Walipita tu upande wa pili wa njia, macho kwenye simu, wakaenda kununua kwa mwenzangu wa pale kwenye kona ambaye samaki wake wakikaangwa wanakuwa kama vibao. Mzee mmoja niliyezoea kumwekea kichwa cha changu aliniambia, "Bi, leo nshakula nyumbani." Kesho yake akaniambia hivyo hivyo.

Nikamwambia, "Mzee wangu, siku hizi unakula mapema kama kuku."

Hakucheka. Karai nikaligeuza kifudifudi, likakaa hivyo mpaka likashika kutu.

Mtu aliyenusurika maradhi makubwa watu humjia na uji na dua. Mimi nilinusurika maradhi yasiyoua, kwa hiyo hakuna aliyebisha hodi. Wifi yangu alikuja, ndiyo, lakini alikuja kuchukua sahani zake alizoniazima wakati wa msiba wa kaka yake. Akaziosha mbele yangu kwa sabuni, kabla hajaziweka kwenye mkoba.

Kazi niliyopata baada ya hapo ni kuosha matangi ya samaki kwenye kituo kidogo cha watafiti, upande wa Mtoni. Samaki hajali nani kamwoshea nyumba. Ni visamaki vidogo, havizidi kidole cha mtoto, vina mistari ya buluu iliyonyooka ubavuni. Haviliwi. Nilipoambiwa haviliwi niliuliza, basi vinafugwa vya nini? Nikajibiwa kwamba vinatizamwa. Nikasema moyoni, kumbe na kutizamwa ni kazi. Mimi nimetizamwa miaka yote hii na sijalipwa.

Mtaalamu mwenyewe ni mtu wa bara, wa makamo, anavaa ndala ndani ya koti jeupe. Siku moja alinikuta nimesimama mbele ya tangi, mkono wangu umo majini, nautizama. Ndani ya maji mikono yangu huonekana kama ya mtu mwingine. Hakusema kitu juu ya mkono. Alisema, "Mama, njoo nikuoneshe kitu," akanikalisha kwenye hadubini, ile mashine ya kukuzia vitu vidogo.

Nikaona yai. Yai la samaki yule ni kama kioo, ndani unaona kila kitu. Kilikuwemo kisamaki kimejikunja, moyo unapiga. Kando ya uti wa mgongo kulikuwa na vidoa vyeusi. Akaniambia vile ni seli za rangi. Seli, alisema, ni vyumba vidogo sana ambavyo mwili wa kila kiumbe umejengwa navyo, na hivi vya rangi huanzia mgongoni, halafu vinatoka kimoja kimoja kwenda kukaa mahala pake, ubavuni, kichwani, mkiani. Nikaviona kweli vimetawanyika, kama watu wanaotoka msikitini Ijumaa, kila mmoja na uchochoro wake.

"Na kwa mtu?" nikauliza.

"Kwa mtu vilevile, mama. Ulipokuwa tumboni, rangi yako nayo ilianzia huko mgongoni ikasafiri."

Sijui kwa nini maneno yale yalinituliza. Labda kwa sababu wengine wote walionieleza mkono wangu walianzia kwenye dhambi au kwenye uchawi, na huyu alianzia tumboni mwa mama yangu.

Akanieleza kazi yake khasa. Ndani ya kila seli, alisema, mna vitu vidogo kuliko udogo, vinaitwa molekuli. Zipo kubwa na zipo ndogo. Yeye anachunguza aina moja ya zile ndogo ndogo. Mwili unazitengeneza wenyewe, na nyingine zinatoka kwenye chakula. Seli ikizikosa haigawanyiki vizuri, kiumbe kinadumaa, na seli za rangi hazikomai.

"Kama hamira kwenye unga," nikasema.

Akafikiri. "Kama hamira. Ila si hamira."

"Na hiyo ya kwenye chakula, iko chakula gani?"

Akataja vingi, na kunde zikiwemo. Yeye hakusema zitanitibu, na mimi sikumuuliza. Nilirudi nyumbani nikapika kunde. Nikala kunde za nazi, kunde za chumvi, kunde na mkate, mpaka mwanangu akasema, "Mama, nyumba hii siku hizi tunalala na upepo wetu wenyewe." Mkono haukubadilika hata ukucha.

Basi mwanangu akaposwa. Yeye ni fundi cherehani, anashona nguo za wanawake, na kijana ni fundi umeme aliyekuja kutuwekea taa, akawa kila taa anayoiweka inaharibika upya. Nilijua. Taa haziharibiki hivyo. Posa ilipoletwa niliikubali kwa mikono miwili, hii hii. Nikamwona mwanangu anacheka peke yake huku anapiga pasi. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu baba yake afe, na nikaapa kwamba kitu hicho hakitaguswa.

Kwetu, posa ikishaletwa watu wa upande wa mume huwa bado wanaulizia. Hawaulizi kwako, wanauliza kando kando: nyumba ile ikoje, mama mtu yukoje. Waliuliza kwa wifi yangu. Angeweza kunyamaza. Angeweza hata kusema sijui. Yeye akawaambia, na haya nimeyapata kwa mtu aliyekuwepo akinywa chai: "Mimi si msemaji. Lakini mjue tu, mama yake ana barasi, na barasi ina ukoo. Mtu anaoa na wajukuu."

Mimi si msemaji. Wifi yangu akifa waandike hivyo kaburini kwake.

Shangazi wa kijana ndiye mkubwa kwao. Mama wa kijana alishatangulia, na shangazi ndiye aliyemlea. Akaja kwangu, buibui jipya, udi umemtangulia mlangoni. Aliongea vizuri. Alisema kijana wao hana neno, na wao hawana neno, ila wanataka moyo utulie. Kahawa niliyomtilia alikishika kikombe mpaka ikapoa, akakirudisha kimejaa.

"Si kuambukiza ninakoogopa, dada yangu," alisema. "Naogopa watoto."

Nikamwambia yapo maradhi ambayo ni ya mtu mmoja na hayaendi kwa mwengine. Akasema, "Nani kasema?" Nikasema hospitali. Akasema hospitali wanasema mengi.

Hapo ndipo nikamkumbuka mtaalamu. Nilifikiri: mimi nilitulia nilipoona kwa jicho langu, na huyu naye akiona atatulia. Kwetu mtu haamini cheti, anaamini mtu. Mposaji humleta mzee wa kumsemea, na mimi nikasema nitamleta wa kwangu, tena msomi, mwenye koti jeupe. Nikamwambia shangazi, "Twende nikuoneshe rangi inavyotoka. Yuko mtu anaijua."

Kesho yake asubuhi nikamweleza mtaalamu yote, posa na wifi na kahawa iliyopoa. Nikamwomba mambo mawili tu. Amwoneshe wale samaki wenye rangi, wazuri, wanaosafirisha vidoa vyao. Na amwambie ugonjwa wangu hautamfuata mtoto wa mtu.

"Usijali, mama," akasema.

Hilo neno usijali, mtu akiniambia sasa hivi, nachukua khanga yangu naondoka.

Shangazi alikuja. Mtaalamu akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akavutiwa kiti. Akatizama kwenye hadubini. Kwanza kweli aliwekewa wazuri. Nikamsikia anasema mashallah, pole pole, kama anasema na mtoto mchanga. Aliuliza kama moyo ndio ule. Akaambiwa ndio. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeficha mikono ndani ya khanga, na nilidhani mambo yamekwisha, nimeshinda.

Halafu mtaalamu akatoa sahani ile ya kioo yenye samaki akaweka nyingine. Hakuna aliyemwomba. Msomi akipata mtu wa kumsikiliza ni kama mtoto aliyepata mgeni, lazima alete vitu vyake vyote.

"Sasa tizama hawa," akasema. "Hawa tumewapa dawa ya kuzizuia zile molekuli nilizokueleza."

Shangazi akasogeza jicho karibu zaidi. "Mbona hawana rangi?"

"Ndiyo hoja yenyewe. Seli za rangi hazikukomaa."

"Na huyu mbona kapinda?"

"Mgongo haukukua vizuri. Molekuli ni zile zile, mama. Zinafanya kazi kwenye mwili wote. Zikipungua, rangi inapotea na mgongo nao unapinda."

Shangazi akatoa jicho kwenye mashine, akamtizama usoni. "Kwa hiyo rangi na mgongo ni kitu kimoja."

"Kwa samaki hawa, kwa jaribio hili."

"Na kwa mtu?"

"Kwa mtu ni suala lingine. Ugonjwa wa mama hapa ni tofauti, hauambukizi, na mimi si daktari wa ngozi."

Alilisema lile la kuambukiza kwa sauti ya chini, limebanwa katikati ya mengine kama chenga kwenye mchele, na shangazi hakuwa anauliza kuambukiza. Akauliza swali lake.

"Watoto wanarithi, hawarithi?"

Nikamtizama mtaalamu. Nilimtizama kwa macho yote niliyonayo. Neno moja, hawarithi, lingemgharimu nini? Mimi namfulia makoti yake. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Zipo familia ambazo inaonekana kwa zaidi ya mmoja. Zipo nyingi ambazo haionekani kabisa. Siwezi kukuambia kwamba haiwezekani. Uwezekano ni mdogo."

"Lakini upo."

"Upo, mama. Mdogo."

"Ahsante, mwanangu," shangazi akasema. "Nshaona."

Watu wamenambia alisema kweli. Mwanangu mwenyewe kanambia hivyo: Mama, alisema kweli tu. Najua kwamba alisema kweli. Ukweli ule alikuwa nao siku zote, kwa nini aufungue mbele ya mtu aliyekuja na mkasi mkononi? Na wale samaki waliopinda, yeye ndiye aliyewapindisha, kwa dawa yake, kwa mkono wake wenye rangi nzuri. Hakuna aliyenipa mimi dawa ya kunizuia kitu. Hilo angelisema kwanza, kabla ya sahani ya pili. Baadaye alikuja kuniuliza mambo yamekwendaje. Nikamwambia vizuri. Akafurahi, akanambia picha za samaki wake nazo zimetoka vizuri. Mpaka leo namwoshea matangi.

Nje ya kituo, shangazi alisimama kivulini akajifunga buibui vizuri. "Dada yangu, mimi sina neno na wewe. Wewe ni mtu mwema. Lakini nimeona kwa macho yangu, na umenileta mwenyewe."

Umenileta mwenyewe. Alilichagua hilo neno kama mtu anavyochagua embe sokoni.

Posa haikurudishwa moja kwa moja. Kijana alikataa, namshukuru kwa hilo, aliwaambia wazee wake kwamba ataoa hapo au hatooa. Kukawa na vikao. Mwishowe shangazi akamtuma mtu, na mtu aliyemtuma, kwa kunitia adabu, ni wifi yangu. Alikaa ukumbini kwangu safari hii bila sahani.

"Wamekubali, mshukuru Mungu," akasema. "Wanaomba kitu kidogo tu."

"Sema."

"Fungate usipike wewe. Mkono wako usiingie jikoni siku zile. Atapika jirani. Na siku ya harusi, ukiwapa wageni mkono, uvae glavu. Zipo nzuri sana sokoni Darajani, nyeupe, za lesi."

"Nyeupe," nikasema.

"Wee, usinichokoze. Mimi ni mjumbe tu."

Fungate, kwa asiyejua, ni zile siku za mwanzo za ndoa. Kwetu bwana harusi huingia nyumbani kwa mke, na nyumba ya mke ndiyo inayomlisha asubuhi, mchana na jioni. Mama mtu hupika kila anachokijua. Ndizo siku ambazo mkwe anajifunza mkono wa mama mkwe wake. Mwanamke anazisubiri tangu siku anapozaa mtoto wa kike, na mimi nilizisubiri zaidi, kwa sababu kupika ndicho kitu pekee nilichowahi kusifiwa katika dunia hii, na wateja walishanivua sifa hiyo.

Nilifungua mdomo niseme hapana. Nilikuwa nshalipanga lote, kuanzia kwa wifi na sahani zake mpaka kwa shangazi na udi wake. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. Akasema, "Mama, kubali."

Nikamwambia, "Unasemaje?"

"Kubali, mama. Zitapita tu."

Hakulia, hakuniinamia miguuni. Aliongea kama mtu anayesema mvua itakatika. Wifi akatizama sakafu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana haya. Nikakubali. Mwanangu simtii kwenye watatu. Nimeshasema ni watatu, na ni watatu.

Harusi ilikuwa nzuri. Nilivaa glavu, watu wakasema nimependeza, wageni wa mbali wakadhani ni mtindo. Bwana harusi akaingizwa ndani, ngoma ikaisha, na asubuhi yake jirani yangu akaingia jikoni kwangu, akafunga khanga kiunoni, akawasha jiko langu.

Jirani ni mwanamke mwema na hajui kupika. Pa chumvi anatia sukari. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, kinachogusana na jiko, ukuta wake haufiki juu. Nikamsikia anakuna nazi, nikasikia kitunguu kinaungua.

"Bi," akaniita kwa sauti ya chini. "Bi, unasikia?"

"Nasikia. Punguza moto."

"Nshapunguza. Tui la kwanza au la pili?"

"La pili kwanza. La kwanza mpaka nikwambie."

"Ukwaju?"

"Umeuroweka?"

"Hujanambia."

Tulikwenda hivyo fungate nzima. Mchuzi wa papa, pilau, mkate wa kumimina, biriani, vyote nilivipika kwa mdomo nimekaa kitandani, mikono imelala mapajani. Nilijua kwa harufu kitu kimefika wapi. Mara nyengine alikosea nikamfokea kupitia ukutani, akanambia, "Njoo upike mwenyewe basi," halafu akakumbuka, akaniomba radhi, na hiyo radhi ilinichoma kuliko glavu.

Siku ya changu wa kukaanga ndiyo nilimsimamia khasa. Nilimwambia achanje wapi, apake nini, amgeuze lini. Chakula kikapelekwa ukumbini. Nikasogea mlangoni nikasikiliza. Kwanza ilikuwa kimya, ule ukimya wa mtu anayekula. Halafu nikamsikia mkwe wangu anasema hajapata kula samaki kama yule tangu azaliwe, na kwamba jirani yetu ana mkono wa ajabu.

Nikamngoja mwanangu.

"Ndiyo," akasema. "Anajua kupika."

Kisha nikasikia kijiko kinagonga sahani; alikuwa anamwongeza mumewe wali.